Hela ya korosho inaisha, kisima bado

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto 2, nina miaka 33, naishi kijiji kimoja huku Tandahimba ambacho sitakitaja. Tuliachana na mume miaka 6 iliyopita nikarudi kwetu. Nina mikorosho 80 aliyoniachia marehemu mama, ni yangu, hakuna anayebisha, na nauza kupitia chama cha msingi kama wenzangu. Mtu akiniangalia ataona mwanamke anayejitegemea. Lakini kila mwaka ikifika Januari sina kitu, na nikijiuliza hela imekwenda wapi sioni hata kijiko nilichonunua.

Kinachoniuma ni kisima. Wewe ni wa huku, unaijua shida yetu ya maji. Kiangazi kikikolea tunanunua ndoo kwa 500, na binti yangu anaamka saa 10 alfajiri kwenda kupanga foleni kabla ya shule. Msimu wa tano huu nasema nitachimba kisima cha kuvunia maji ya mvua pale uani. Bati ninazo. Fundi alishanipigia hesabu, milioni 1 na laki 1 na kila kitu chake.

Nikueleze ya msimu uliopita. Mwezi wa tatu mtoto wangu mdogo aliugua akalazwa siku 3, ikabidi nichukue hela kwa watu wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa magendo kabla ya mavuno, 180,000, kwa ahadi ya kuwapa kilo 150 korosho zikianza kudondoka. Hospitali nililipa 45,000. Iliyobaki, kikundi chetu kilikuwa na sherehe, ikabidi nishone sare kama wenzangu, na vitu vidogo vidogo.

Msimu ulipofika niliokota kilo 610. Kangomba wakachukua zao 150. Kilo 460 nikapeleka chamani, baada ya makato ikaingia benki 1,480,000. Siku ile ile kaka yangu alikuja akakaa barazani. Hakuomba. Alisema tu kuna pikipiki inauzwa Newala na mwenyewe ana haraka. Kisha akanyamaza, akawa anachorachora chini na kijiti. Ikabidi nimpe 500,000. Wiki iliyofuata mjomba akatuma mtu kwamba mwali anatolewa Desemba na sisi wa upande wa mama ndio wenye shughuli, ikabidi nitoe 400,000, mbali na kuku. Shughuli ilisifiwa sana. Nikalipa deni la duka 130,000. Iliyobaki ilikwenda kwenye sikukuu na kula. Saruji nilikuwa nimeshanunua mifuko 4 nikaiweka kwenye kona ya chumba. Fundi alipokuja, hela ya mawe na mchanga haikuwepo, ikabidi aende kazi nyingine. Saruji imeganda. Kuku wanalala juu yake.

Sasa kuna jingine. Kuna mwanaume wa Masasi, anauza nguo minadani, ameleta posa kwa mjomba. Mjomba ameshamkubali, anasema ni mtu mzuri. Mimi nimemwona mara 3. Si mbaya. Anataka nihamie kwake Masasi, mikorosho nimwachie kaka aitunze. Nilipoulizwa mbele ya wazee ikabidi ninyamaze, wao wakachukulia nimekubali. Ndoa wanasema ni baada ya msimu.

Na sasa hivi mwezi wa saba, mikorosho inatoa maua, watu wa kangomba wameanza kupita. Juzi mmoja kaniwekea 50,000 mkononi bila hata mimi kuomba, ikabidi niipokee.

Shangazi, nimechoka maisha yangu kuamuliwa na watu. Niambie, nikubali ndoa au nikatae? Na hela ya msimu huu nimpe nani, nimnyime nani? Utakachosema nitafanya.

Mama Wawili, Tandahimba

*

Marahaba mwanangu. Mtoto naona alipona, maana hukumtaja tena. Tushukuru.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliisoma na kalamu mkononi, nikawa napiga mstari chini ya neno moja. Ikabidi. Limo mara 7. Ikabidi nichukue, ikabidi nishone, ikabidi nimpe. Ukiandika "nilimpa kaka 500,000", wewe unaonekana umesimama pale na noti mkononi. Ukiandika "ikabidi nimpe", hapo hakuna mtu, ni kama mvua imenyesha. Unasema maisha yako yanaamuliwa na watu, basi mie nikawatafuta hao watu kwenye barua nikajue nani wa kumlaumu. Sikuwaona. Kaka umeandika mwenyewe kwamba hakuomba. Mjomba alituma habari, kiasi hakutaja, au alitaja ukanificha? Yule wa kangomba kakuwekea hela mkononi, na mkono una vidole vinavyofunguka.

Sikusemi vibaya. Mwaka 2018 serikali ilipotangaza kununua korosho kwa 3,300 kila kilo, mie nikiwa na miti yangu michache huku Mikindani, siku ile ile nilikwenda kukopa makochi. Hela ikakawia. Nilikaa kwenye kochi la kukopa nikila ming'oko mitupu, ile mizizi ya porini, mwenye duka akipita kila Ijumaa kunisalimia. Nikawa nawaambia watu "ikabidi ninunue, wageni wanakaa chini". Wageni gani! Kwa hiyo neno hilo nalijua ladha yake.

Katika hizo 7, ya kweli ni moja, tena nusu. Mtoto kalazwa, hilo halina mjadala. Lakini hospitali ulilipa 45,000 na kwa kangomba ulichukua 180,000. Ile 135,000 ya juu haikuwa na homa. Sasa chukua karatasi. Chamani ulipata 1,480,000 kwa kilo 460, yaani kama 3,217 kwa kilo, makato yamekwisha kutoka. Kilo 150 kwa bei hiyo ni 482,000 na ushee. Wewe umeziuza 180,000. Umepoteza zaidi ya laki 3 ili upate 45,000 ya hospitali na sare ya kitenge. Mawe na mchanga wa kisima ulikuwa humo humo.

Ndiyo maana hawa watu wanapita mwezi wa saba, wakati ua halijawa korosho. Wanajua mwezi wa kumi ukifika utakuwa na stakabadhi ya ghala mkononi na huna haja nao. Biashara hiyo imepigwa marufuku miaka nenda rudi na bado ipo, kwa sababu hainunui korosho, inanunua shida. Ile 50,000 irudishe. Kesho, si keshokutwa. Kama umeshaikata, kopa kwenye kikoba chenu uijazie. Mkabidhi mbele ya mtu wa tatu na mwambie neno moja, "sikuagana nawe." Atacheka, atasema unaogopa nini, atakuambia utanitafuta tu. Mwache acheke. Hospitali ikirudi kugonga, na itarudi kwa sababu una watoto, unaanza kikobani, kisha kwa mjomba, na huku ukiulizia zahanati yenu bima ya kaya inapatikanaje. Kangomba haimo kwenye orodha.

Nimesema mjomba. Hapa nataka nikae kidogo.

Sisi watu wa Kusini tunafuata upande wa mama, na mjomba ana kauli. Kwa Wamakonde, hata mie Shangazi sina sauti mbele yake, sijui kwa nini mnaniandikia. Siwezi kukuambia umpuuze, na ukimpuuza utaumia wewe na wanao. Lakini heshima ya mjomba ina njia mbili. Mtoto wako alipolazwa siku 3, ulikwenda kwa mjomba? Hukuandika. Mie nadhani hukwenda. Ulikwenda kwa mtu wa kangomba asiyekujua hata jina la mama yako. Mjomba anayedai shughuli ya mwali ndiye huyo huyo wa kumlilia mtoto akiugua. Wewe umempa haki yake ukamsamehe wajibu wake, halafu unanung'unika chinichini. Huenda yeye anajua una hela tu, kwa sababu siku zote anakuona na hela. Umemwendea lini na kisima?

Nenda mwezi huu. Usingoje ngoma zianze kulia, wala usingoje akutumie mtu. Nenda asubuhi, kabla hajapata wageni, na kilo ya sukari. Shikamoo, habari za nyumbani, kisha umwambie: "Mjomba, mwaka huu sherehe za upande wetu nitatoa 100,000 na kuku 2. Nyingine ina kazi, nachimba kisima cha mama." Sema kisima cha mama. Mikorosho ni ya dada yake, maji yatatoka kwenye hela ya dada yake. Si ujanja huo, ndio ukweli wenyewe, ila hujawahi kuutamka. Akikasirika, akasirike mwezi wa saba. Atakuwa amepoa mwezi wa kumi na mbili. Ukimwambia Desemba, nyakanga wa kumfunda mwali yupo uani na sufuria zipo jikoni, hiyo ni aibu kwake, na kwa aibu ya mjomba utatoa laki 4 tena.

Unajua kinachonishangaza? Mwaka 2018, kabla ya hiyo 3,300 ya serikali, wanunuzi walikuja minadani na bei za chini. Nani waliokataa? Nyie wa Tandahimba na Newala. Wakulima walisimama mbele ya wakubwa wakasema kwa bei hiyo hatuuzi, mzigo ukabaki ghalani. Hakuna aliyesema "ikabidi tuuze". Basi kijiji chenye watu wanaoweza kumwambia mnunuzi wa meli nzima kwamba hatuuzi, kinashindwaje kumwambia kijana mwenye kijiti?

Tuje kwa kijana mwenyewe. Kile kijiti nimekiona mpaka huku. Kaka yako ni fundi wa kunyamaza, na wewe huwezi kustahimili kimya cha mtu. Kinakuwasha, unakiziba na hela. Safari nyingine akikaa barazani, mkaribishe uji. Mwache achore chini mpaka aoge vumbi. Akisema "kuna kitu kinauzwa", mwulize "unataka nini kwangu?" Lazima aseme kwa kinywa chake. Mtu akiomba waziwazi unaweza kumjibu. Asipoomba, huna cha kujibu na hupaswi kutoa kitu. Pikipiki ile sasa ina mwaka karibu, inaingiza kitu. Usimdai hela, utaambulia kijiti kingine. Mdai kazi.

Maana kisima kinaanza sasa. Hilo ndilo ulilokosea misimu yote mitano. Umengoja hela iingie ndipo uanze, na hela ikiingia haina pa kwenda, inakaa benki inatazamana na kila mwenye haja. Shimo halihitaji saruji. Huu ni wakati wa kiangazi, udongo mkavu, mvua kwetu ni mpaka mwishoni mwa Novemba au Desemba. Mwambie kaka aje na wenzake wawili wa bodaboda, wewe pika ugali na samaki, wachimbe Jumapili mbili tatu kwa kipimo alichokupa fundi. Juu funika kwa magogo na miiba, watoto wasitumbukie, hilo usilifanyie mzaha. Mjomba atapita ataliona. Wale wa kikundi wataliona. Mtu akija Oktoba na haja yake atakaa barazani akitazama shimo la urefu wa mtu linalosubiri saruji, na kabla hajafungua mdomo atakuwa ameshajua jibu. Wewe mtu wa kunyamaza unahitaji kitu cha kukusemea, na shimo ni kubwa, halifichiki.

Malipo yakiingia, usiyashushe yote. Siku ya malipo ya korosho huko kwenu kila mwenye pikipiki, redio na godoro anajua saa ya benki kufunguliwa kuliko meneja. Toa hela ya mawe na mchanga, vishushwe uani. Ya saruji ilipe siku ile fundi ameshashika kolego, si mwezi mmoja kabla. Saruji haivumilii unyevu wa kona ya chumba, umeshajifunza kwa mifuko 4.

Sare ya kikundi sisemi. Shona moja kwa mwaka, ya pili vaa ile ile. Watakusema wiki moja.

Sasa ndoa. Umeniuliza nikubali au nikatae, na ukamalizia kwa maneno yaliyonishtua kuliko yote: utakachosema nitafanya. Mwanangu, hiyo ni ikabidi ya 8, na safari hii unataka mimi ndiye niwe mvua. Nikikuambia kataa, miaka 3 ijayo ukiwa peke yako utasema Shangazi alinikataza. Nikikuambia kubali, utakuwa Masasi na mikorosho mikononi mwa kaka, useme ikabidi, Shangazi alisema. Sikubali. Huyo mwanaume umemwona mara 3 na sifa uliyompa ni "si mbaya". Mie sijamwona hata mara moja, nitajua nini?

Ila yapo niyajuayo, uyachukue. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa ni muungano wa hiari. Kunyamaza mbele ya wazee kuna desturi yake, tunasema kimya cha mwali ni ridhaa, lakini wewe si mwali, una miaka 33 na watoto 2. Mjomba anaweza kupokea posa, jibu ni lako. Rudi kwa wale wazee useme "siku ile nilinyamaza, bado nafikiri, nitajibu baada ya mavuno." Kufikiri kunaruhusiwa. Na katika kufikiri huko panda gari nenda Masasi, mchana, bila kumwarifu, ukamtazame anavyouza nguo zake. Tazama anavyosema na mteja aliyepekua fungu zima asinunue. Hapo utajifunza mengi kuliko mara 3 za kunywa soda kwa mjomba.

Sheria hiyo hiyo inasema kuolewa hakuhamishi mali. Mikorosho 80 iliyokuwa yako kabla ya ndoa inabaki yako. Lakini umeandika "hakuna anayebisha". Leo hakuna. Ukiwa Masasi miaka 4, kaka anapulizia salfa, kaka anapalilia, kaka anapeleka korosho chamani, mtu atabisha, na huenda asiwe kaka mwenyewe, akawa mkewe. Kwa hiyo uolewe usiolewe, nenda kwa mtendaji wa kijiji ukaulize habari ya hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lako, ipo kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na wanawake wanapewa kama wanaume. Kisha pita chamani, uangalie kwenye daftari la wakulima shamba hilo limeandikwa jina la nani na malipo yanaingia akaunti ya nani. Nimeona wengi wanaojua miti ni yao na daftari halijui.

Na yule wa Masasi mwulize swali moja uso kwa uso: kwa nini mikorosho aachiwe kaka? Masasi na Tandahimba si Ulaya. Mtu anaweza kuishi kule na kuja kuokota korosho zake msimu. Sisemi ana nia mbaya, pengine anataka mke akae nyumbani tu, wapo wa hivyo. Sikiliza atakavyojibu, na usiandike kuniuliza jibu lilikuwa na maana gani. Utaelewa mwenyewe.

Niandikie shimo likifika kiunoni. Zile saruji zilizoganda usizitupe, zipasue kwa nyundo, fundi atazishindilia chini ya sakafu ya kisima pamoja na mawe. Kuku watafute pengine pa kulala.

Shangazi, Mikindani